Kitu, Karatasi na Shahidi: Historia ya Uthibitishaji wa Vitu vya Kumbukumbu za Michezo katika Enzi ya Minada ya Mtandaoni

1.0 Utangulizi

Mwaka 2000, kadi moja ya karatasi ngumu, ndogo kuliko kiganja cha mkono, iliuzwa katika mnada wa mtandao wa eBay kwa zaidi ya dola milioni 1.2 za Marekani. Kadi hiyo ina picha ya Honus Wagner, mchezaji wa besiboli wa timu ya Pittsburgh Pirates. Ilitokana na mfululizo wa kadi zilizotiwa ndani ya pakiti za sigara kati ya mwaka 1909 na 1911. Wakati wa mnada ilikuwa imefungwa ndani ya kasha la plastiki lenye alama 8 katika kipimo cha 10, iliyotolewa na kampuni ya kupima ubora wa kadi. Mwaka 2013, Bill Mastro, mfanyabiashara wa minada aliyewahi kuimiliki, alikiri mahakamani mjini Chicago kwamba aliikata kingo zake za pembeni kabla ya kuiuza. Karatasi ilikuwa halisi, wino ulikuwa halisi na mchezaji alikuwa yeye. Kilichokuwa cha uongo ni hali ya kadi, na hali hiyo ndiyo iliyoipandisha bei.

Mkasa huu unaibua swali linalochunguzwa katika insha hii: mnunuzi asiyeweza kukishika kitu wala kukigeuza upande wa pili huamini nini anaponunua? Hoja kuu ni kwamba, kuanzia miaka ya 1980 hadi miaka ya 2010, imani katika biashara ya vitu vya kumbukumbu za michezo nchini Marekani ilihama hatua kwa hatua kutoka kwenye kitu chenyewe kwenda kwenye karatasi inayokielezea. Cheti kilibuniwa ili kuzuia udanganyifu, lakini kwa kuwa nacho ni kitu kinachoweza kutengenezwa, kiligeuka kuwa chombo kipya cha udanganyifu huohuo. Kwa msingi huo, insha inatetea mtazamo kwamba cheti cha uhalisi kichukuliwe kuwa ushahidi wa kihistoria unaohitaji kuhakikiwa kama hati nyingine yoyote, na si kuwa hitimisho la uchunguzi.

2.0 Ufafanuzi wa Istilahi

Mjadala kuhusu suala hili mara nyingi hukwama kwa sababu neno “bandia” hutumiwa kufunika mambo yanayotofautiana. Insha hii inatofautisha makundi manne. Kundi la kwanza ni kitu halisi, yaani kilichotengenezwa na kutumiwa wakati na mahali panapodaiwa. Kundi la pili ni nakala, yaani kitu kilichotengenezwa baadaye kwa kufuata mfano wa kitu cha awali na kuuzwa waziwazi kuwa nakala. Kundi la tatu ni kitu ghushi, kilichotengenezwa kwa nia ya kudanganya. Kundi la nne ni kitu halisi kilichobadilishwa kwa siri, kama kadi iliyokatwa kingo, saini iliyokolezwa wino au jezi iliyoshonewa namba nyingine.

Mpaka kati ya nakala na kitu ghushi haumo katika kitu chenyewe, bali katika maneno yanayokisindikiza. Nakala za kadi za zamani zimechapishwa kwa wingi, na nyingi hubeba alama mgongoni inayotaja kwamba zimechapishwa upya. Nakala hiyo ikikwaruzwa alama, ikasuguliwa na kupigwa picha yenye mwanga hafifu, inavuka mpaka na kuwa ghushi bila kubadilishwa jambo lingine lolote. Mnada wa mtandaoni unaurahisisha uvukaji huo, kwa kuwa muuzaji ndiye anayeamua ni upande upi uonekane, kwa ukubwa gani na chini ya mwanga gani.

3.0 Kadi ya Wagner na Kuzaliwa kwa Alama ya Ubora

Kadi ya Wagner ilikuwa adimu tangu mwanzo. Wagner alizuia picha yake isiendelee kutumiwa na kampuni ya tumbaku, na kwa sababu hiyo ni kadi chache tu zilizotoka. Wanahistoria wa mchezo huo bado wanajadili iwapo alichukizwa na sigara au alitaka malipo. Lililo dhahiri ni matokeo ya uamuzi wake: uadimu ulizaa bei, na bei ikazaa kishawishi.

Historia ya mauzo ya kadi iliyotajwa katika utangulizi inaonyesha jinsi kishawishi hicho kilivyokua. Mastro aliinunua mwaka 1985 kwa dola 25,000. Miaka miwili baadaye aliiuza kwa dola 110,000. Mwaka 1991 nyumba ya minada ya Sotheby's iliiuza kwa dola 451,000 kwa Wayne Gretzky, mchezaji mashuhuri wa magongo ya barafu, na mshirika wake Bruce McNall. Mwaka huohuo wa 1991 ilianzishwa kampuni ya PSA, iliyojikita katika kupima hali ya kadi, kuzipa alama na kuzifunga ndani ya makasha yenye namba. Kadi ya Wagner ndiyo iliyopewa namba ya kwanza.

Uamuzi huo wa kufunga kadi ndani ya kasha ulikuwa na maana kubwa kuliko ilivyodhaniwa. Kabla yake, mnunuzi mzoefu aliichukua kadi mkononi, akapima urefu wake, akaitazama kingo kwa kioo cha kukuzia na kulinganisha rangi ya kingo na rangi ya uso. Kingo iliyozeeka pamoja na kadi huwa na nyuzi zilizolegea na rangi iliyofifia. Kingo iliyokatwa karibuni huwa kali, safi na wakati mwingine hupinda kidogo. Kadi ilipofungwa, mikono ikazuiwa na macho yakaelekezwa kwenye namba iliyoandikwa juu ya kasha. Tangu hapo wanunuzi wengi walinunua namba.

Mtandao wa eBay, ulioanzishwa Septemba 1995, uliikuta hali hiyo ikiwa tayari imeota mizizi na kuipanua. Watu wasioonana walihitaji lugha fupi ya kuaminiana, na namba ya kasha ilitosheleza hitaji hilo. Ndiyo maana mauzo ya mwaka 2000 yaliwezekana: mnunuzi alilipa zaidi ya dola milioni moja kwa kadi ambayo kasoro yake ilikuwa katika sehemu ambayo kasha liliificha. Bei haikuishia hapo. Mwaka 2007 kadi hiyo iliuzwa mara mbili, kwanza kwa dola milioni 2.35, kisha kwa dola milioni 2.8. Mastro alishtakiwa mwaka 2012 na kuhukumiwa kifungo cha miezi 20 mwaka 2015. Kesi yake haikuhusu kadi peke yake, kwa kuwa ilihusu pia zabuni za uongo zilizowekwa katika minada ya kampuni yake ili kupandisha bei. Kwa hiyo mahakama ilibainisha udanganyifu wa aina mbili uliofuatana, mmoja katika kitu na mwingine katika soko.

4.0 Saini Ghushi na Vyeti Ghushi

Ikiwa mkasa wa Wagner unaonyesha udhaifu wa alama ya ubora, upelelezi uliofanywa na Shirika la Upelelezi la Marekani, FBI, unaonyesha udhaifu wa cheti. Katikati ya miaka ya 1990 ofisi ya shirika hilo mjini Chicago ilichunguza mtandao wa wauzaji wa saini ghushi za wanamichezo. Uchunguzi huo ulifungua njia kwa operesheni kubwa zaidi iliyoongozwa kutoka San Diego, jimboni California, iliyopewa jina la Bullpen, yaani eneo ambamo warushaji wa mpira wa besiboli hujiandaa kabla ya kuingia uwanjani.

Ugumu wa kesi za namna hii ulikuwa wa kisheria kabla ya kuwa wa kitaalamu. Muuzaji aliyekamatwa na mpira wenye saini ghushi angeweza kudai kwamba naye alidanganywa. Ili kuthibitisha nia, wapelelezi walijifanya wafanyabiashara wanaosafirisha bidhaa za kumbukumbu kwenda Asia, jambo lililowafanya watuhumiwa wazungumze waziwazi kuhusu asili ya bidhaa zao. Oktoba 1999 misako ilifanywa kwa pamoja. Miongoni mwa vitu vilivyonaswa kulikuwa na mpira wa besiboli wenye saini ya Mama Teresa, mtawa ambaye hakuwa na sababu yoyote inayojulikana ya kutia saini mipira.

Mpira huo umekuwa kichekesho katika masimulizi mengi, lakini thamani yake kwa mtafiti ni zaidi ya kicheko. Unaonyesha kwamba uwepo wa cheti ulikuwa umedhoofisha swali la kawaida kabisa: je, tukio hili lilielekea kutokea? Waghushi hawakuuza saini peke yake. Waliuza pia vyeti vya uhalisi vilivyochapwa vizuri, vyenye mihuri na namba, na vilivyotolewa na watu waliokuwa ndani ya mtandao uleule. Shahidi na mtuhumiwa walikuwa mtu mmoja.

Vifaa vilivyotumiwa katika ughushi wa aina hii navyo vinastahili kutajwa. Mghushi stadi haanzi na kitu kipya. Hutafuta mpira wa zamani usio na saini, karatasi tupu zilizokatwa kutoka mwanzoni na mwishoni mwa vitabu vikuukuu, na kalamu za wino za kipindi husika, kisha huupaka mpira vanishi ili ugeuke rangi. Kwa njia hiyo, kipimo cha umri wa karatasi kinaweza kuthibitisha jambo la kweli, yaani kwamba karatasi ni ya zamani, na bado kumpotosha mnunuzi kuhusu jambo analolihitaji, yaani wakati saini ilipotiwa.

5.0 Ushahidi Uliomo Ndani ya Kitu

Udhaifu wa vyeti haumaanishi kwamba ukweli haufikiki. Kitu chenyewe hubeba ushahidi, na mara nyingi ushahidi huo ni wa kihistoria kabla ya kuwa wa kimaabara. Mfano ulio wazi ni mpira rasmi wa besiboli. Kwa miongo mingi ya karne ya 20, mipira ya ligi kuu mbili za Marekani ilichapwa jina la rais wa ligi husika. Warren Giles alikuwa rais wa Ligi ya Taifa kuanzia mwaka 1951 hadi 1969. Babe Ruth, mchezaji ambaye saini yake hughushiwa sana, alifariki Agosti 1948. Kwa hiyo mpira wenye jina la Giles na saini ya Ruth hauhitaji mtaalamu wa miandiko: marehemu hatii saini. Mnunuzi mwenye orodha ya marais wa ligi na miaka yao ana kinga ambayo cheti kizuri hakiwezi kumpa.

Kadi za mfululizo wa Wagner zina ushahidi wa namna hiyo pia. Maandishi yaliyo chini ya picha yalichapwa kwa wino wa kahawia ulioenea bila kukatika. Katika nakala nyingi za baadaye, zilizotengenezwa kwa kupiga picha kadi ya awali, herufi hizo zikitazamwa kwa kioo cha kukuzia huonekana zimeundwa na nukta ndogondogo. Aidha, jina la mji limeandikwa “Pittsburg” bila herufi h ya mwisho, kwa kuwa hiyo ndiyo tahajia rasmi ya serikali ya shirikisho tangu mwaka 1891 hadi 1911. Anayedhani kwamba hilo ni kosa na kulisahihisha katika kadi anayoitengeneza atakuwa amejifichua kwa usahihi wake.

Upande wa mavazi, historia ya vitambaa hutoa mipaka ya wakati. Timu ya Pirates ilianza kuvaa jezi za kitambaa kipya cha kufumwa chenye nyuzi za sintetiki mwaka 1970, na timu nyingine zikafuata zikiacha jezi za flana. Jezi ya kitambaa hicho inayodaiwa kuvaliwa uwanjani na timu hiyo miaka ya 1950 haiwezi kuwa ya wakati huo. Mwanga wa urujuanimno, unaofanana na ule unaotumiwa kukagulia noti, nao husaidia: karatasi na nyuzi nyingi zilizotengenezwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia zina kemikali za kung'arisha weupe zinazomeremeta chini ya mwanga huo, ilhali karatasi za mwanzoni mwa karne hazina. Hata hivyo, kipimo hiki hukanusha vizuri zaidi kuliko kinavyothibitisha. Karatasi inayomeremeta huondoa dai la umri mkubwa, lakini isiyomeremeta haithibitishi dai hilo, hasa pale mghushi anapotumia karatasi kuukuu.

Njia nyingine ni kulinganisha kitu na picha za wakati wake. Mishono ya jezi, pale mistari inapokutana begani, viraka na madoa, vyote huunda alama zisizojirudia katika jezi mbili. Picha yenye tarehe inayojulikana ikionyesha alama zilezile, kitu huunganishwa na siku mahususi. Nguvu ya njia hii inatokana na chanzo chake: picha ilipigwa na mtu asiyekuwa na maslahi katika mnada utakaofanyika miongo mingi baadaye.

6.0 Pambano la Kinshasa kama Mfano wa Uhakiki

Njia hizi hazihusu besiboli pekee. Pambano la ndondi kati ya Muhammad Ali na George Foreman, lililofanyika Kinshasa mwaka 1974, limeacha mabango, tiketi na vijitabu vinavyotafutwa na wakusanyaji wa mabara mengi. Tukio hili linafaa kuwa mfano kwa sababu historia yake ina mabadiliko ya tarehe na majina ambayo mghushi asiye makini huyakosea, na ambayo mhakiki asiye makini naye anaweza kuyatafsiri vibaya.

Pambano lilipangwa kufanyika tarehe 25 Septemba 1974, likaahirishwa baada ya Foreman kuchanika karibu na jicho akiwa mazoezini, na likafanyika tarehe 30 Oktoba. Kwa hiyo tarehe ya Septemba katika bango si dalili ya ughushi. Inaweza kuwa dalili kwamba lilichapwa kabla ya kuahirishwa. Kinyume chake, bango linalodaiwa kuchapwa katikati ya mwaka huo likiwa na tarehe ya 30 Oktoba linadai kujua jambo ambalo hakuna aliyelijua wakati huo. Vilevile, pambano lilianza alfajiri kwa saa za Kinshasa, wakati Marekani ilikuwa bado usiku wa tarehe 29. Bango la ukumbi wa Marekani uliorusha pambano likitaja tarehe 29 linapatana na historia.

Majina nayo hufichua mengi. Nchi iliitwa Zaire tangu mwaka 1971 hadi 1997, na uwanja uliitwa Uwanja wa 20 Mei. Jina la Tata Raphaël, linalojulikana leo, lilikuja baadaye. Tiketi inayodaiwa kuwa ya mwaka 1974 yenye jina la leo la uwanja ni mfano wa kosa la wakati, aina ileile ya kosa linalofichuliwa na mpira wa Giles na Ruth. Katika mifano yote miwili, maarifa yanayohitajika yapo katika historia ya kawaida ya mahali husika. Hatari iliyopo ni kwamba pale ambapo hifadhi za nyaraka za mahali hazifikiki kwa urahisi, maelezo ya muuzaji wa mbali yanaweza kuchukua nafasi yake, na kitu ghushi kikaanza kunukuliwa kama chanzo cha historia ya tukio.

7.0 Kutoka Cheti hadi Shahidi

Mafunzo ya miaka ya 1990 yalibadilisha mfumo wa uthibitishaji. Mwaka 1998, Mark McGwire alipokaribia kuvunja rekodi ya mapigo ya kutoa mpira nje ya uwanja, mipira aliyorushiwa ilitiwa alama za siri kabla ya kutumiwa. Mpira wa pigo lake la 70 uliuzwa Januari 1999 kwa takriban dola milioni 3, na hakuna aliyehitaji kubishana kuhusu utambulisho wake. Mwaka 2001, kufuatia yaliyofichuliwa na Operesheni Bullpen, Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani ilianzisha mpango wake wa uthibitishaji. Chini ya mpango huo, mthibitishaji, ambaye kwa kawaida ni askari au askari mstaafu, hushuhudia kitu kikitumiwa au kutiwa saini, kisha hukibandika hologramu yenye namba inayoweza kutafutwa katika kumbukumbu za ligi.

Tofauti ya msingi kati ya mfumo huu na cheti cha awali ni wakati. Cheti cha kawaida ni maoni yanayotolewa baada ya tukio na mtu ambaye hakuwapo. Hologramu ni ushuhuda unaowekwa wakati wa tukio na mtu aliyekuwapo, na nakala ya ushuhuda huo hubaki mahali ambapo muuzaji hawezi kuigusa. Methali isemayo mali bila daftari hupotea bila habari inaeleza kanuni hiyo kwa ufupi, ilimradi iongezwe kwamba daftari lisiwe mikononi mwa mwenye mali peke yake.

Hata hivyo, mfumo huu haurudi nyuma. Hauwezi kumweka shahidi katika uwanja wa mwaka 1909 wala wa 1974. Kwa vitu vya zamani, ambavyo ndivyo vyenye bei kubwa, tatizo limebaki palepale, na hata makasha ya kampuni za kupima ubora yamekuwa yakighushiwa pamoja na namba zake. Namba ya kasha ghushi inaweza kuwa ya kweli, kwa kuwa imenakiliwa kutoka kwenye kadi nyingine. Mnunuzi anayeishia kuithibitisha namba katika kumbukumbu za kampuni, bila kulinganisha picha ya kadi iliyohifadhiwa na kadi iliyo mnadani, amethibitisha tu kwamba namba hiyo ipo.

8.0 Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba kila dhamana mpya katika biashara ya vitu vya kumbukumbu za michezo ilijibu udanganyifu uliotangulia, na kila moja, ilipochukuliwa kuwa mwisho wa uchunguzi, ilifungua mlango wa udanganyifu uliofuata. Alama ya ubora iliificha kingo iliyokatwa. Cheti kiliificha asili ya saini. Kasha lenyewe likawa kitu cha kughushiwa.

Kutokana na hayo, uhakiki wa kitu kinachouzwa mtandaoni unahitaji maswali matatu yanayotegemeana. La kwanza: je, malighafi yake ilikuwapo wakati unaodaiwa? La pili: je, maandishi, majina na tarehe zake vinapatana na yaliyojulikana wakati huo, wala si na yaliyojulikana baadaye? La tatu: je, kilipitia mikono ya nani, na ni nani asiye na maslahi anayeshuhudia hivyo? Cheti kinaweza kusaidia kujibu swali la tatu, lakini hakiwezi kulifuta la kwanza wala la pili.

Suala hili haliwahusu wakusanyaji matajiri peke yao. Makumbusho huonyesha vitu hivi, vitabu huchapisha picha zake, na wanafunzi hujifunza kutokana navyo. Mnunuzi aliyedanganywa hupoteza fedha zake mara moja. Kitu ghushi kilichoingia katika kumbukumbu za historia huendelea kudanganya kila anayekuja kusoma, hata baada ya muuzaji na mnunuzi kusahaulika.